Kopo la Vidonge Nyuma ya Kanga

BARUA YA MSOMAJI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina umri wa miaka 47, nimeolewa na tumejaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa mwaka wa pili chuo kikuu. Nimekuwa nikiisoma safu yako nikidhani kwamba wanaokuandikia ni watu wenye mashaka makubwa ya ndoa au ya mirathi, na sikutarajia kwamba siku moja ningekaa usiku, watu wa nyumbani wakiwa wamelala, nikakuandikia habari ya fizi.

Jambo hili lilianza kama miaka minne iliyopita. Nilikuwa nikipiga mswaki nikaona mate yana wekundu, nikadhani ni mswaki mgumu, nikanunua mwingine laini. Damu haikukoma. Baadaye nikaanza kuona madoa kwenye foronya asubuhi, kisha fizi zikavimba, zikawa nyekundu iliyoiva, na meno mawili ya chini mbele yakaanza kuachana hata sasa nikiyagusa kwa ulimi nayasikia yakicheza. Lililo baya zaidi ni harufu, ambayo haiondoki hata nikipiga mswaki mara tatu kwa siku na kusukutua kwa maji ya chumvi. Darasani nimejizoeza kusimama mbali na madawati ya mbele. Nikicheka, mkono wenyewe huinuka na ncha ya mtandio kuziba mdomo, na wanafunzi wangu wameshanipa jina kwa tabia hiyo, ingawa wanadhani silijui.

Mara tatu nimekwenda duka la dawa na kupewa amoksilini pamoja na metronidazoli, ile ambayo wengi wetu huiita Flagyl. Kila mara nilipata nafuu ya kweli: damu ilipungua, uvimbe ukashuka, harufu ikaondoka. Baada ya wiki tatu hivi hali ilirudi ilikokuwa. Mara ya mwisho hata nafuu yenyewe ilikuwa ndogo.

Mwezi wa pili mwaka huu nilijikaza nikaenda kwa daktari wa kinywa na meno. Aliingiza kijiti chembamba chenye alama kati ya jino na ufizi, jino kwa jino, huku akimsomea msaidizi wake tarakimu: tano, sita, saba, sita. Akanipiga picha ya eksirei. Akaniambia kwamba mfupa unaoshikilia meno umeanza kuliwa, kwamba anahitaji kunisafisha chini ya fizi kwa ganzi katika miadi minne, robo moja ya kinywa kila mara, na kwamba kwa yale meno mawili ya mbele hawezi kuniahidi kitu. Nilitoka pale miguu haina nguvu.

Tatizo la kwanza ni fedha. Mimi na mume wangu, anayefanya kazi bandarini, tunaweka akiba ya mabati ya nyumba yetu, na gharama niliyotajiwa ingeila sehemu kubwa ya fungu la mwaka huu. Tatizo la pili ni hofu. Wifi yangu alisafishwa meno miaka iliyopita na anasema tangu siku ile meno yake yalilegea na matatu yakatoka. Ananiambia kila tunapokutana: “Wakikuondolea ule ugumu, ndiyo basi.” Tatizo la tatu ni kwamba nadhani napambana na jambo la ukoo. Marehemu mama yangu alipofika miaka 50 hakuwa na jino hata moja. Alikuwa akilowesha ugali kwenye mchuzi na kutufanyia mzaha. Kama ni ya damu, nitumie fedha ya mabati kwa ajili ya nini?

Hapa ndipo panapokuja kopo. Mdogo wangu wa kiume anaishi Marekani, naye ana ugonjwa huuhuu wa fizi. Alipokuja likizo Desemba iliyopita aliniachia kopo la vidonge 60 vya doksisaiklini, miligramu 20 kila kimoja, alivyoandikiwa na daktari wake wa meno na ambavyo hakuvimaliza. Aliniambia nimeze kimoja asubuhi na kimoja jioni, akasema, “Dada, hizi si za kuua vijidudu, ni za kuzuia fizi zisijile zenyewe.” Maneno hayo yamenikaa kichwani. Sijalifungua kopo, liko kabatini nyuma ya kanga. Na mwalimu mwenzangu mmoja, niliyemdokezea, anasema kwamba doksisaiklini ya miligramu 100 inapatikana kila duka kwa bei ndogo, hivyo vidonge vya mdogo wangu vikiisha naweza kufungua kapsuli na kugawa unga wake mafungu matano.

Nikueleze pia kwamba nina kisukari aina ya pili kwa mwaka wa sita sasa, natumia metformini, na kwa miaka miwili nimekuwa nikimeza amlodipini kwa ajili ya shinikizo la damu. Kipimo changu cha mwisho cha sukari ya miezi mitatu kilikuwa asilimia 8.5.

Mume wangu hajui lolote kuhusu fizi. Namwambia kichwa kinauma. Ninalala nimegeukia ukutani, na sidhani kwamba hajasikia harufu, ila ni mtu mpole na hatasema. Naona aibu kumwambia kwamba mke wake anaoza kinywa, na naona aibu zaidi kumwambia kwamba ugonjwa wenyewe unataka mabati yake.

Ninachouliza ni hiki: je, nikianza vidonge hivi kimya kimya, nikaokoa fedha na nikamwepushia mume wangu habari hii, nitakuwa nimefanya kosa? Na je, yawezekana dawa peke yake ikanitosha, bila vyuma?

Mwenye Mtandio, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umeandika kama mwalimu, kwa mpangilio na bila kujionea huruma kupita kiasi, nami nimeisoma barua yako mara mbili kabla ya kumtafuta daktari wa kinywa na meno ninayemwamini, ili nisije nikakujibu kwa busara tupu mahali panapohitaji elimu. Mimi si tabibu. Mengi ya kitaalamu utakayoyasoma hapa yametoka kwake na katika yaliyokwisha kuandikwa na wataalamu wa fani hiyo. Mashaka na maswali ni yangu.

Kama nimekuelewa, umeweka mizani yenye vyano viwili. Upande mmoja kuna vidonge, ambavyo ni vya bure, vya siri na haviumi. Upande wa pili kuna daktari, ambaye ni ghali, wa wazi na wa kutisha. Nataka tuitazame mizani yenyewe kabla ya vilivyomo, kwa maana sina hakika kwamba vitu hivi viwili vinafanya kazi moja hata vipimwe kwa kushindanishwa.

Mdogo wako hakukudanganya. Usemi wake wa fizi kujila zenyewe umekaribia sana ukweli, na ni jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Tumezoea kudhani kwamba vijidudu ndivyo vinavyotafuna ufizi na mfupa kama mchwa anavyotafuna mlango. Bakteria ndio wanaoanzisha ugomvi, hilo ni kweli, wakiwa wamejenga utando wao unaonata chini ya ukingo wa ufizi. Lakini sehemu kubwa ya ubomoaji hufanywa na mwili wenyewe ukiwa katika kujilinda. Chembe nyeupe za damu humiminika mahali pale, na katika kupigana humwaga vimeng'enya vinavyokata kolajeni, ambayo ni zile nyuzi zinazoufunga ufizi kwenye jino na jino kwenye mfupa. Chembe nyingine huamshwa na kuanza kuuyeyusha mfupa. Mfikirie mwenye nyumba aliyeona nyoka akiingia ukutani, akachukua nyundo na kuanza kuvunja ukuta ili amtoe. Nyoka ni adui wa kweli, ila nyumba inabomolewa na mwenyewe. Kwa mtu mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa vizuri, mwenye nyumba huyo huwa na ghadhabu zaidi na nyundo nzito zaidi.

Vidonge vilivyo nyuma ya kanga zako vinashika mkono ulioshika nyundo. Habari yake inakuhusu kwa namna ambayo pengine hukuijua: mwanzoni mwa miaka ya 1980, Lorne Golub na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, jimbo la New York, walikuwa wakichunguza panya waliotiwa kisukari, wakaona kwamba dawa za jamii ya tetrasaiklini, ambazo doksisaiklini ni mojawapo, zinapunguza nguvu ya vimeng'enya vinavyokata kolajeni kwenye fizi, na kwamba hilo hutokea hata kwa panya waliolelewa bila bakteria wowote miilini mwao. Maana yake ni kwamba dawa iliyojulikana kwa kuua vijidudu ilikuwa na kazi ya pili, isiyohusiana na ile ya kwanza. Kutokana na ugunduzi huo ikatengenezwa doksisaiklini ya miligramu 20, kipimo kidogo kiasi kwamba dawa iliyomo kwenye damu haifikii kiwango cha kuwadhuru bakteria, na mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiidhinisha kwa ugonjwa huu wako.

Iliidhinishwa, hata hivyo, kama nyongeza juu ya usafishaji wa chini ya fizi. Sijaona mahali ilipopendekezwa kuchukua nafasi ya usafishaji huo, na nikiitazama kazi yake naelewa kwa nini: kumnyang'anya mwenye nyumba nyundo hakumtoi nyoka ukutani. Ule ukoga mgumu ulioganda kwenye mizizi ya meno yako ni kama jiwe lenye vinyweleo. Kidonge hakiuyeyushi, mswaki wako haufiki ulipo, na juu yake utando mpya hujengeka kila siku. Hata faida ya nyongeza hiyo ni ya kadiri. Uchambuzi uliofanywa na chama cha madaktari wa meno cha Marekani mwaka 2015 uliona kwamba inaongeza ufizi kushikamana na jino kwa takriban theluthi moja ya milimita zaidi ya kiasi kinacholetwa na usafishaji peke yake, nao ukaipendekeza kwa tahadhari. Miaka mitano baadaye, shirikisho la Ulaya la wataalamu wa magonjwa ya fizi lilitazama ushahidi huohuo kwa jicho jingine na kushauri isitumiwe. Nakwambia haya ili ujue kwamba hata wajuzi hawajakubaliana juu ya thamani ya kopo ulilonalo, na kwamba wote wawili, anayeipenda na asiyeipenda, wanaanzia mahali pamoja, yaani kwenye usafishaji.

Hapo hapo ndipo naona jibu la fumbo lililokuchosha, la wiki tatu za nafuu. Hukujidanganya, nafuu ile ilikuwapo. Amoksilini na metronidazoli zikitumiwa pamoja hupunguza bakteria kwelikweli, na kuna wagonjwa, hasa vijana ambao ugonjwa wao unakwenda kwa kasi, ambao daktari huwapa dawa hizo kwa siku saba hivi zikiambatana na usafishaji. Lakini zikimezwa peke yake hukuta bakteria wamejifunika ndani ya utando wao, huwapunguza wa juu, na waliobaki huzaliana upya juu ya jiwe lilelile. Kwamba mara ya tatu nafuu ilikuwa ndogo ni jambo la kumwambia daktari bila kuficha, kwa kuwa huenda ni dalili ya bakteria kuanza kuzoea dawa, na siku utakapozihitaji dawa hizo kwa nimonia au kidonda cha mguu ungependa zikukute bado zina makali.

Sasa nikuulize kuhusu ukoo. Umesema ugonjwa huu ni wa damu, na ni kweli kwamba baadhi ya watu hurithi mwili wenye kuwaka haraka zaidi. Lakini je, mama yako aliwahi kupimwa sukari? Je, kuna mtu aliyewahi kumsafisha chini ya fizi hata mara moja? Na mdogo wako, ambaye ni mtoto wa mama yuleyule, mwenye ugonjwa huohuo kwa maneno yako mwenyewe, je, naye hana meno? Katika barua nzima hukusema kwamba yake yanacheza. Ningekuwa mimi, ningempigia simu na kumuuliza swali ambalo pengine hukumuuliza Desemba: kabla hujaandikiwa vidonge hivi, daktari wako alikufanyia nini, na mara ngapi?

Kuhusu wifi yako, sitaki kumfanya mwongo, kwa maana alichokiona alikiona. Ukoga mgumu ukiwa mwingi huyashika meno yaliyolegea kama saruji iliyomwagwa kati ya nguzo mbovu, na ukiondolewa ulegevu uliokuwapo hudhihirika. Pia ufizi uliokuwa umevimba hunywea, shingo za meno huonekana, mianya hujitokeza, na maji ya baridi husumbua kwa muda. Mtu ambaye hakuelezwa haya mapema atasema kwamba ameharibiwa. Daktari niliyezungumza naye anasema kwamba mara nyingi meno hukaza kiasi katika wiki na miezi inayofuata, uvimbe unapokwisha. Anasema vilevile, na nilipenda alivyolisema bila kupamba, kwamba kwa jino lililokwisha kupoteza mfupa mwingi usafishaji hauwi dhamana, na kwamba mifuko, yaani ule uwazi kati ya jino na ufizi aliokupima kwa kijiti, yenye kina cha milimita sita au saba, wakati ile ya mtu mzima wa afya ni moja hadi tatu, wakati mwingine hukataa kufunga na kuhitaji kurudiwa au hata upasuaji mdogo. Kwa hiyo ukichagua njia hiyo, hutakuwa unanunua uhakika. Utakuwa pia umeanza mazoea ya kurudi kila baada ya miezi mitatu au minne, jambo ambalo lina nauli yake na gharama yake, na ningependa ulihesabu mapema kuliko kulishtukia baadaye.

Kuna jambo moja dogo kwenye barua yako ambalo ulilitaja kama kwa kupitia, nami nimelirudia mara kadhaa. Unameza amlodipini. Dawa za jamii yake, kwa baadhi ya watu, hufanya ufizi ukue na kuvimba, hasa pale palipo na ukoga. Sisemi kwamba ndicho kinachokupata, na nakusihi usiiache hata siku moja kwa hiari yako, kwa kuwa shinikizo la damu halina subira. Ila yule daktari wa meno aliijua? Na daktari wako wa kisukari anajua kwamba fizi zinatoka damu? Nina wasiwasi kwamba wewe ni mgonjwa mmoja unayetibiwa na watu wawili wasiojuana, na kwamba wa tatu ni muuza dawa wa mtaani.

Sukari yako nayo imo katika hesabu hii. Kisukari huongeza moto wa fizi, na moto wa fizi huisumbua sukari. Mambo haya mawili husukumana kama watoto kwenye foleni. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba matibabu ya fizi kwa wenye kisukari hushusha kile kipimo cha miezi mitatu kwa kama 0.3 hadi 0.4, yaani 8.5 yako ingeweza kukaribia 8.1 bila kidonge kipya cha sukari. Si muujiza, lakini ni sehemu ya thamani ya miadi ile minne ambayo huikuti ukiipima kwa mabati tu.

Turudi kwenye kopo, kwa kuwa najua bado lipo. Tuseme umeamua kuvimeza. Vidonge 60 ni vya siku 30, ilhali dawa hii ilijaribiwa kwa watu kwa muda wa miezi mitatu hadi tisa; ingekuachia katikati ya njia. Ingeweza kupunguza wekundu na damu kiasi cha kukupa faraja, na faraja hiyo ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu ufizi unaweza kunyamaza juu huku mfuko ukiendelea kuchimbika chini, na wewe ukaahirisha kwa mwaka mwingine. Iliandikwa kwa kinywa cha mtu mwingine, na hakuna aliyekuuliza kama tetrasaiklini imewahi kukudhuru, kama kuna uwezekano wa mimba, au unatumia nini kingine. Haipatani na maziwa, vidonge vya madini ya chuma wala dawa za kiungulia vikimezwa kwa wakati mmoja, kwa kuwa hivyo huizuia isiingie mwilini, na najua Tanga asubuhi haianzi bila chai ya maziwa. Inataka maji ya bilauri nzima na mtu kukaa wima, la sivyo huchoma koo la chakula. Na huifanya ngozi ya baadhi ya watu iungue upesi kwenye jua kama hilo lenu. Mtu anayesimamiwa na daktari huyapita haya yote kwa urahisi. Anayemeza kwa kujificha hana wa kumuuliza.

Ule ushauri wa mwalimu mwenzako wa kufungua kapsuli na kugawa unga kwa macho, hapa naomba radhi nikiwa mkali kidogo. Thamani yote ya vile vidonge iko katika udogo wa kipimo chake. Kijiko cha chai hakijui miligramu 20 ni ngapi. Siku moja utameza kumi, siku nyingine arobaini, na utakuwa umejirudisha palepale pa kuwazoesha bakteria dawa bila kuwaua, huku unga huo mtupu ukikuchoma koo.

Kuna watakaokushauri dawa nyingine, basi nizitaje upesi. Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe kama diklofenaki na ibuprofeni zinatokana na jamii ambayo iliwahi kuchunguzwa kwa ajili ya fizi, na mojawapo ilionekana kupunguza kasi ya kuliwa kwa mfupa kwa muda ambao watu waliendelea kuimeza. Walipoacha, faida ikaondoka, na kuzimeza kwa miaka huumiza tumbo na figo, na figo za mwenye kisukari na shinikizo la damu si za kuchezewa. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini husaidia kwa wiki chache, hasa siku ambazo mswaki unauma, ila haifiki chini ya mifuko mirefu, hubadilisha ladha ya chakula na huyapaka meno rangi ya kahawia, zaidi kwa wanywaji wa chai. Zipo pia dawa ambazo daktari huziweka moja kwa moja ndani ya mfuko wa ufizi baada ya kusafisha. Unaona kwamba kila moja ina mahali pake, na mahali penyewe hupatikana baada ya jiwe kuondolewa.

Mwanangu, kuhusu fedha nakuachia maswali tu. Je, uliuliza kama miadi ile minne inaweza kulipiwa kila moja kwa wakati wake, ukaanza na robo iliyo mbaya zaidi? Je, umeuliza bima yako ya kazini inagharimia nini katika huduma za kinywa, au umekisia? Je, umelinganisha bei ya kliniki ile na ya hospitali ya mkoa? Na fedha ya dawa za dukani kwa mara tatu, pamoja na miswaki na dawa za meno zenye ahadi kubwa, umewahi kuijumlisha? Yawezekana jibu la yote likawa kwamba bado ni ghali mno kwa sasa. Hapo angalau ungekuwa unachagua kusubiri ukijua unasubiri nini, na ukisubiri, mswaki laini ukingoni mwa ufizi, uzi au kijiti safi kati ya meno, na sukari iliyoshikwa vizuri havihitaji ruhusa ya mtu.

Nimeliacha la mumeo mwisho kwa sababu nadhani ndilo lililokukalisha usiku. Nimeitafuta katika barua yako sentensi ambayo yeye amesema neno juu ya harufu, au ameonyesha kuchukizwa, sikuipata. Nilichokikuta ni wewe ukigeukia ukutani, wewe ukisingizia kichwa, wewe ukiinua mtandio. Umeamua kwamba anajua na ananyamaza kwa upole. Huenda ni hivyo. Huenda pia, kwa miezi yote hii, anautazama mgongo wa mkewe na kujiuliza amemkosea nini. Mwanamume huyo anaweka akiba ya mabati ili mlale wote chini yake. Sijui angesema nini kama angejua, nawe hujui, kwa kuwa hajaulizwa. Inawezekana akakasirika kwa kufichwa. Inawezekana akasema mabati yangoje. Inawezekana akasema fizi zingoje, na hilo lingekuumiza, ila hata hapo mngekuwa mmeanza kuzungumza. Hatari ya kumwambia ipo, sitaipunguza. Hatari ya kutomwambia ni kwamba yale meno mawili yakitoka, yatamwambia yenyewe.

Ukiona ni vigumu kuanza na neno ugonjwa, anza na kopo. Litoe nyuma ya kanga, liweke mezani, umweleze limetoka kwa nani na kwa nini hujalifungua. Na kama safari ya kliniki itapangwa, hivi karibuni au baadaye, litie mkobani pamoja na pakiti za metformini na amlodipini, ili daktari azisome zote kwa pamoja, pamoja na tarehe yake ya mwisho wa matumizi.